Betri Yenye Utepe wa Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Baiskeli zimefika! Mbili, za mlimani, za umeme, matairi mapana kama mkono wa bondia. Wafadhili wameiletea zahanati ya mke wangu. Yeye ndiye nesi mkuu. Tangu mvua ibomoe daraja, hakuna gari linalofika kijiji cha juu, kwa hiyo dawa zitapelekwa kwa baiskeli. Waendeshaji wa kujitolea ni wawili: mimi na Mapaja.

Mapaja ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Anafundisha michezo sekondari. Jina hakulipata kwa upendeleo: suruali zake zote zimepasuka mahali palepale. Mimi nafundisha udereva. Nusu ya mji huu imejua kuachia klachi kwa sababu yangu. Mashine nazijua.

Kwenye usukani kuna kioo kidogo na kitufe. Mota inakusaidia kwa ngazi tatu: Eko, Kati na Turbo. Mke wangu alitusomea kijitabu cha maelekezo chote, hadi anwani ya kiwanda. Eko kwenye tambarare. Kati kwenye mwinuko. Turbo mahali pafupi palipo pakali kweli. Weka gia nyepesi, zungusha miguu upesiupesi, mota isionewe. Mapaja akawa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Mimi nikauliza: kama Turbo ni ya kubaniwa hivyo, kwa nini wameiweka? Mke wangu alifungua ukurasa mwingine. Nadhani hoja ilimzidi.

Jumanne, 5 Machi

Nimedhulumiwa!

Kumbe betri hazifanani. Moja ni mpya kabisa. Nyingine ilikuwa ya maonyesho dukani, imeshatumika, ina mkwaruzo pembeni. Mke wangu ameifunga ile mpya utepe wa kijani na kumpa nani? Mapaja! Eti yeye ndiye atakayekwenda mara nyingi zaidi, kwa kuwa shule iko karibu na zahanati. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mume wake. Akasema analijua hilo na hajalisahau hata siku moja. Alivyolisema sikupenda.

Mapaja akanipigapiga begani. Akasema shemeji, hata hiyo ya zamani inatosha ukiitumia kwa adabu. Adabu! Mtu nimemtolea posa dada yake yeye bado anang'oka meno ya utoto.

Nimekunywa chai. Chai mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi. Tulipanda hadi kwenye mnara wa simu, nusu ya safari ya kijijini. Mapaja alianza na Eko, anakanyaga polepole kama mtu anayekwenda kulipia maji. Mimi Turbo! Baiskeli iliruka kama imechomwa sindano. Nilimpita, nikampungia mkono, nikamwuliza kama anataka nimwachie salamu huko juu.

Gia niliweka nzito. Gia nyepesi zinakufanya uonekane kama unakanda unga kwa miguu. Mota ililalamika kidogo, lakini hata magari ya mafunzo hulalamika, hasa yakiwa na yule mama wa saluni anayefunga breki akiona mbuzi ng'ambo ya barabara.

Nilifika wa kwanza. Vijiti vya chaji vilikuwa vimebaki viwili kati ya vitano. Mapaja akaja na vinne. Akatazama kioo changu, akaguna. Nikamwambia chaji ni ya kutumia, si ya kuwekea arusi.

Sasa sikiliza ugunduzi wangu. Tulipumzika, kisha tukateremka. Nilipofika chini nikatazama kioo: vijiti vitatu! Viwili vimekuwa vitatu! Maana yake mteremko unarudisha chaji. Kila ukishuka, betri inajaa. Kijitabu hakikusema hivyo. Nilimweleza Mapaja. Akasema betri ikipumzika baada ya kuonewa huonyesha nafuu kidogo, lakini ni nafuu ya mgonjwa anayetabasamu kwa ajili ya wageni. Wivu tu huo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetenda jambo. Naandika kwa mkono mwepesi kabisa.

Mchana, zahanati ikiwa imejaa kina mama na watoto wa chanjo, niliingia stoo kuhakikisha chaja zinawaka. Zilikuwa zinawaka. Betri zote mbili zimekaa rafuni kama maharusi wawili. Nikabandua utepe wa kijani kwenye mpya, nikaufunga kwenye ile ya zamani, nikaupitisha juu ya mkwaruzo. Kisha nikaikwaruza mpya kidogo kwa ufunguo, kwa ajili ya haki. Sasa Mapaja atachukua ya zamani akidhani ni mpya, na mimi nitachukua mpya huku nikionewa huruma. Hakuna aliyeibiwa. Ni kupanga upya tu.

Nikiwa natoka, mke wangu huyo mlangoni! Moyo ulishuka hadi kwenye soksi. Akaniuliza natafuta nini. Nikasema pamba. Akanipa pamba. Akaniuliza nimeumia wapi. Nikasema sikioni. Akalikagua sikio langu kwa tochi mbele ya foleni nzima, akasema ni zima, ila halitumiki. Kina mama walicheka. Sikujali. Nilitoka pale mwepesi kama karatasi.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika yote.

Asubuhi mkunga wa kijiji cha juu alipiga simu. Kuna mama yuko kwenye uchungu, na aliwahi kutokwa na damu nyingi kwenye uzazi wake wa kwanza. Dawa ya kuzuia damu imekwisha kule. Inatakiwa ipande sasa hivi, na isipate joto. Mke wangu akaifunga kwenye boksi la barafu. Hakuwa na uso wa utani. Akasema mwenye chaji nyingi abebe dawa, mwingine abebe maji ya dripu. Sote tulikuwa tumejaa. Nikalinyakua boksi kabla Mapaja hajanyoosha mkono. Mke wangu akanishika mkono wa shati. "Baba Pacha, hii si mashindano. Unanisikia?" Nikasema nasikia.

Nilisikia. Ila nilidhani njia ya kumtii ni kufika haraka.

Turbo tangu getini. Nzuri ajabu! Miti ikirudi nyuma, mimi na boksi langu tunapanda kama lifti. Mapaja akapotea nyuma, kwenye Eko yake. Kwenye mnara wa simu vijiti viwili. Sikuogopa. Baada ya mnara kuna mwinuko mfupi, kisha bonde, na bondeni nitajaza. Nikateremka bila kukanyaga, nikiipa betri nafasi ya kunywa. Chini nikatazama kioo. Kijiti kimoja.

Nikakisugua kioo kwa kidole. Kimoja.

Mbele yangu ni ile kona kubwa, mwinuko unaotazamana nawe usoni. Nikakanyaga kwa nguvu zote. Mota ikapata joto, ikapunguza msaada yenyewe. Kijiti kikawa chekundu, kikapepesa, kikazimika. Jamani, hii baiskeli bila umeme ni nzito kama kabati lenye nguo ndani. Nikashuka, nikasukuma. Nilisukuma hadi viatu vikaanza kurudi nyuma kwenye matope kuliko nilivyokuwa nakwenda mbele.

Hapo ndipo hofu iliponishika kweli. Si ya kushindwa na Mapaja. Nilimwona yule mama. Simjui, sijawahi kumwona, lakini nilimwona. Nikakumbuka pacha wetu walipozaliwa, mimi nimekaa kwenye benchi la korido na kikombe cha chai kilichopoa, mtu haniambii kitu. Nikailaza baiskeli kando ya njia, nikalitwika boksi kichwani, nikaanza kupanda kwa miguu. Nilijikaza. Pumzi inatoka na filimbi. Nilianguka, boksi nikaliinua juu kama kombe. Halikugusa chini. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Kisha nikasikia mluzi nyuma yangu. Mapaja! Gia nyepesi, miguu inazunguka kama cherehani, kioo chake bado kina vijiti vitatu. Kwenye betri ya zamani! Sijawahi kufurahi hivi kumwona mtu huyu tangu nimwoe dada yake.

Nilianza kumweleza. Akanikata. "Shemeji, funga boksi hapa. Maelezo utanipa jioni."

Nikalifunga. Akanipa mfuko wa dripu. Akapandisha kwenye Turbo, sehemu ile kali tu, lakini gurudumu la nyuma likawa linasaga matope na haliendi. Nikaupachika mfuko shingoni, nikaweka bega chini ya kiti chake, nikasukuma. Matope yote ya gurudumu lile nimeyala mimi. Nilisukuma nikipiga kelele maneno ambayo shuleni kwake yangemfukuzisha mtu. Gurudumu likashika. Akaenda. Juu ya mwinuko nikamsikia anabonyeza kitufe, kti, kti, anarudi Eko.

Nilifuata kwa miguu. Sijui nilichukua muda gani. Nilipofika kwenye nyumba ya mkunga, Mapaja alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa chini. Nikamwuliza kwa macho. Akanyoosha kidole kuelekea dirishani.

Mtoto analia! Analia kama aliyekanyagwa, sauti tamu sijapata kusikia. Mkunga akachungulia mlangoni, akachukua dripu shingoni mwangu bila kusalimia, akasema damu ilianza vibaya lakini dawa imefika kwa wakati wake, imekata. Mama anaomba uji.

Niliketi kwenye matope, palepale. Mapaja aliniuliza kama nalia. Nikamwambia ni matope yameingia machoni. Akasema hata yeye yamemwingia.

Jumapili, 10 Machi

Mwili wote unauma, hata kucha. Lakini roho nyeupe. Mke wangu alirudi kutoka kijijini, alikwenda mwenyewe kumwona mama na mtoto. Wazima. Akaniwekea maji ya moto ya kuogea bila kuombwa.

Kisha Mapaja akaja na kisa chake. Nilikaa tayari kujitetea. Nilikuwa na hoja mpaka za hali ya hewa. Lakini yeye akasimama sebuleni akamwambia dada yake: maskini shemeji, na ile betri kuukuu, bado alifika kona kubwa! Mwingine angekwama kwenye mnara. Eti yeye alikuwa na mpya, sifa si zake.

Mke wangu akanitazama kwa upole. Akasema ni kosa lake, alinipa betri mbovu, nimsamehe.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu nikauingizia kipande cha mkate, ukafunga. Nikasema hakuna neno, mke wangu, mimi si mtu wa kinyongo. Nikashusha pumzi ndefu hadi pazia likasogea.

Mapaja anaisifu betri yake ya utepe. Anasema mpya ni mpya tu, unaihisi kwenye pedali.

Jumanne, 12 Machi

Jasho! Mke wangu alipeleka betri yangu kwa fundi wa umeme ikapimwe. Fundi amesema haina ugonjwa wowote, ni nzima kuliko fundi mwenyewe. Mke wangu akaja nayo mezani, akaiweka kati ya vikombe, akanitazama. Akaitazama alama ya mkwaruzo. Akanitazama tena.

Akasema basi itakuwa maji ya mvua yaliingia kwenye waya. Nikasema ndivyo hasa nilivyohisi tangu awali. Akasema ahaa. Akaenda kuanika nguo. Ile ahaa ilikuwa ndefu kidogo, lakini haikuwa na swali mwishoni. Nimepona! Nimelala kwenye kochi mchana kweupe, nimepona.

Jumatano, 13 Machi

Heshima kubwa. Wafadhili wameongeza baiskeli nne, na watu wanne wamejitolea. Mke wangu anataka wafundishwe kabla ya wiki kwisha. Mapaja ana mitihani. Basi mke wangu akaniuliza kama ninaweza kusimama mbele ya watu nikaeleza habari ya betri. Nimefundisha udereva miaka yote hii! Nikasema niachie.

Nimeandaa somo. Nitaanza kwa kisa cha Jumamosi, maana watu hupenda kusikia kutoka kwa aliyekuwepo. Nimeketi hapa tangu asubuhi nikitafakari kwa uaminifu ni wapi nilikosea, kwa kuwa mwalimu asiyejichunguza hafai. Nimepapata. Mwanzoni kabisa, kutoka mlango wa stoo hadi getini, mke wangu alikuwa ananitazama, nikaweka Eko.

Nilipoteza muda pale.