Uzinduzi wa Mkia wa Helikopta

Mheshimiwa mgeni rasmi, nafasi ninayoikaimu mwenyewe kwa kuwa aliyealikwa hajafika. Waheshimiwa viongozi wa dini, mnaotetemeka kwenye ukungu huu lakini kwa heshima. Wataalamu kutoka Bumbuli, wakulima wa Vuga, na wewe binti yetu Husna, uliyekaa mbele na bisibisi mkononi tangu saa moja asubuhi: nawasalimu kwa niaba ya Kamati ya Anga, ambayo mwasisi wake, mwenyekiti wake na mwenye wazo ni mimi. (Makofi, ya mwenyekiti mwenyewe kwanza.)

Kama mjuavyo, kesho Husna anakwenda Tanga kwenye mashindano ya helikopta ndogo za rimoti, na atakayeituliza yake hewani dakika moja bila kuzunguka atapata nafasi katika chuo cha ufundi. Ndiyo maana Kamati, baada ya semina elekezi kumi na moja na fizibiliti stadi iliyofaulu kwa asilimia mia moja na nne, imemletea helikopta hii mnayoiona chini ya khanga. (Watu wanaitazama khanga.)

Nifafanue kitaalamu. Panga kubwa la juu likizunguka, mwili nao hutaka kuzunguka kinyume chake, na pangaboi dogo la mkiani ndilo linaloushikilia. Ila Kamati ilibaini kwamba pangaboi hilo linapuliza meza kuu, na baridi ya Lushoto ya mwezi wa saba mnaijua, hivyo tukaazimia kwa kauli moja lielekezwe kwa wananchi, ambao wana makoti. (Minong'ono.)

Naona mkono. Sema, binti.

(Husna, kwa sauti ndogo: "Shikamoo mheshimiwa. Likigeuzwa hivyo, helikopta itazunguka kama pia.")

Marahaba. Kuzunguka, mwanangu, ndiko kuzifikia kata zote. (Mzee Idrisa, mkulima wa Vuga: "Basi ianzie kwetu, gari halifiki." Kicheko.)

Mkia imara! (Watu wanafunga vifungo vya makoti.) Wilaya imara! (Mtoto mmoja: "Imara.")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Mama Scholastica kwa khanga yake. Namshukuru Mzee Idrisa kwa tenga la plamu lililo chini ya khanga hiyo, ambalo atalichukua leo likiwa tupu, kama alivyotuazima. Nawashukuru wote kwa kutofunua. (Husna amekwisha kufunua.) Na kwa namna ya pekee namshukuru Husna kwa kuja na bisibisi, kwani ndicho kifaa pekee cha mradi huu kilichopata kuonekana, na Kamati, kwa kauli moja, imemruhusu aende nacho Tanga.