Lita Mbili Juu ya Brinkley

Jumatatu, tarehe 8 Julai. Korongo la Standley, siku ya nne ya Njia ya Larapinta, Australia.

Nimewasili saa tisa alasiri. Malengelenge mawili, mguu wa kushoto. Bi Noreen Tasker hana hata moja. Jambo hili linatia shaka.

Iandikwe wazi ni nini kinachogombewa. Chama chetu cha waenda kwa miguu, cha mji wa Dubbo, hutoa kalenda kila mwaka. Picha ya jalada ni moja tu. Miaka mitatu mfululizo imekuwa ya Bi Noreen. Mwaka huu itakuwa yangu: macheo kutoka kilele cha Brinkley. Huko juu pana viduara vya mawe vya kukinga mahema na upepo, na ni kimoja tu, kile cha ukingoni, kinachotazama mashariki pasipo kizuizi. Atakayetangulia kesho ndiye atakayelala humo.

Jioni kwenye kibanda cha chai cha kambi, skonzi na jamu. Bi Noreen aliniuliza mbele ya watu, kwa sauti tamu mno, eti nimejaza lita sita za maji? Kule juu hakuna bomba, Des, akasema, mpaka uteremke upande wa pili. Kwa nini anataka nibebe kilo sita? Ili nielemewe! Mwendesha lori mmoja wa Mount Isa, mwenye futi sita na nusu, ambaye kwa sababu hiyo kila mtu humwita Mfupi, akadakia kwamba mzee huyu na kalamu zake tatu kwanza atafutiwe punda. Wakacheka pamoja. Njama.

Nimechukua hatua. Katika kila kambi lipo daftari ambamo mpita njia huandika jina lake na anakoelekea kesho. Bi Noreen hulisoma kila siku akinywa chai. Kwa hiyo nimeandika, kwa mwandiko wangu bora: "Mtia sahihi atapumzika hapa Jumanne, na kuzuru mabonde ya nyuma ya korongo, peke yake." Akisoma hivyo hatakuwa na haraka.

Kisha nimemwaga lita nne kando ya hema. Zimebaki mbili. Begi limekuwa jepesi kama unyoya!

Jumanne, tarehe 9 Julai. Saa mbili na nusu asubuhi, begani mwa mlima.

Nimeondoka kabla ya mapambazuko, kwa heshima na ukimya. Njia ilikuwa ngazi za mawe. Baadaye haikuwa ngazi tena, ilikuwa mawe. Nyasi za miiba zimepenya soksi zote mbili. Nimekunywa nusu lita, kwa sababu za kiafya.

Nilikuwa nimeketi nikiandika rasimu ya ombi kwa Wakuu wa Hifadhi, kuhusu watu fulani wanaoamka mapema kupita kiasi, ndipo nikasikia sauti kutoka chini. Desmoooond! Ya Noreen. Kisha ya Mfupi, nzito kama honi. Desmoooond! Hila tupu. Wamegundua hema halipo, wanataka niitike wajue niko wapi. Nikalala kifudifudi nyuma ya jabali kwa nusu saa. Kangaruu mdogo wa majabali alinitazama muda wote huo. Sikumwamini.

Saa saba mchana. Mgongo wa mlima.

Kulia shimo, kushoto shimo, katikati mimi. Kilele kile pale! Si kilele. Kilele kingine. Nacho si kilele. Ni nani aliyevipanga hivi? Nimetambaa kwa namna isiyolingana na hadhi yangu. Maji: mafunda matatu.

Saa tisa alasiri. KILELENI.

Hakuna mtu! Kiduara cha ukingoni ni changu. Nimetandaza soksi juu ya mawe yake kama tangazo rasmi la umiliki. Chakula cha jioni ni viazi vya unga. Maagizo ya pakiti yanataka maji yanayochemka. Nimevila vikavu. Sitaeleza zaidi.

Saa kumi na moja jioni.

Wamefika. Mfupi masikio yamechubuka. Alinifokea kama mtoto wa shule: we mzee una akili kweli, tangu asubuhi mpaka saa tano tunakutafuta mabondeni, nimeingiza kichwa kila pango, na wewe huku juu unaanika soksi! Bi Noreen alikuwa ameniita mno. Sauti ilikuwa imemkauka. Aliketi juu ya begi lake, akafuta macho kwa kofia, akanipa karatasi. Rasimu yangu! Ilianguka pale begani mwa mlima, na ndiyo iliyowaonyesha nilikopita. Mwishowe akasema kwa shida kwamba alidhani ameniacha maiti mwambani, mpumbavu mimi.

Halafu akatoa chupa. Amepanda na lita kumi. Sita zake, nne zangu. Yaani zile zile nilizozimwaga! Nilimtaka aeleze alijuaje kiasi. Akasema aliona tope pale lilipokuwa hema langu, akakadiria. Upelelezi.

Nimekunywa vikombe vitano vya chai yake, bila kukiri lolote. Nikampa kwa maandishi nusu ya kiduara, vifungu vinne. Alicheka mpaka akakohoa, akasema lala, Des, lala na ukingo wako, akapiga hema upande wa magharibi, ambako hakuna macheo. Mtu akikataa mashariki, ana jambo.

Jumatano, tarehe 10 Julai. Kambi ya Birthday, baada ya mteremko ambao sitausamehe.

Jua lilichomoza saa moja na robo. Nilisimama juu ya mawe, kikombe mkono mmoja, kamera mwingine. Picha arobaini. Zote nyeupe, doa la jua na ncha ya kidole gumba.

Bi Noreen alikuwa ameketi mbali, amelipa jua kisogo. Picha moja tu. Amenionyesha: safu zote za milima zimewaka nyekundu hadi upeo wa macho, na juu ya mwamba kivuli kirefu cha mtu aliyeinua kikombe. Kivuli changu. Alisema ataituma kwa majina mawili: picha ya Noreen, kivuli cha Desmond, tusherehekee pamoja. Mfupi akasema hongera babu, hatimaye umetoka vizuri.

Wanataka kuninunua. Nimeanza ombi jipya kwa Mwenyekiti wa Chama: kivuli ni mali ya mwenye mwili.

Dawa nimeipata. Kesho ni mgongo wa Razorback. Nitatangulia, nitalipa jua kisogo, nitapiga picha moja. Lakini Bi Noreen asishtuke! Kwa hiyo katika daftari la kambi hii nimeandika: "Mtia sahihi ameugua na kurudi nyumbani. Asitafutwe." Neno la mwisho nimelipigia mstari, maana safari iliyopita kosa lilikuwa kutolifafanua.

Bi Noreen amepita sasa hivi kunikumbusha nijaze lita tano. Nimemshukuru kwa adabu. Alipogeuka, nikamwaga tatu. Safari hii, mbali na hema.