Mguu Wangu na Mapango ya Amboni

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza. Siku kumi! Ghala la Changamwe litajijua, magunia yajihesabu yenyewe. Jumatatu ijayo mimi na Mishi tunavuka mpaka pale Lunga Lunga, tunaingia nchi ya kigeni. Tanga! Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, siku tatu hotelini, chumba chenye roshani. Watu wa hapa Likoni wakisikia Tanga hucheka, eti hapo ni kwa jirani. Jirani gani huyo anayetaka pasi mlangoni? Wapumbavu.

Miaka kumi na tisa sasa nimemwahidi Mishi fungate. Ile yetu aliimalizia kwa mamangu, akiosha masufuria ya harusi yake mwenyewe. Jana, akikunja nguo, aliniambia likizo hii ikiisha hajayaona mapango, ataenda mwenyewe, na ahadi yangu nyingine hataki kuisikia mpaka afe. Aliyasema polepole. Mishi akipiga kelele mimi hulala vizuri. Akisema polepole, silali.

Kizuizi ni kimoja. Shangazi Mwanasaumu, dada wa marehemu baba, anakaa Tanga. Akijua tumefika tukalala hotelini, basi nimekata undugu. Tukilala kwake, tumekwisha: siku tatu mkekani, na kupelekwa nyumba hadi nyumba kutoa pole za watu waliozikwa zamani. Ndugu yangu alienda kwake kwa siku moja. Alirudi baada ya wiki mbili, na mchumba. Kwa hivyo hii ni siri. Hajui mtu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa jirani Changawa kuazima begi lake la magurudumu. Mtu huyu sijui mdomo alipewa wa nini. Akauliza naenda wapi. Nikamwambia semina, Nyali. Akalitazama begi, akanitazama mimi, akauliza kama ni semina ya magodoro. Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka nao, maana begi bado lilikuwa mkononi mwake.

Kumbe kadi yangu ya chanjo ilikuwa inachungulia mfukoni! Akauliza tangu lini Nyali wanadai chanjo ya homa ya manjano. Hasira zikanipanda, na mkono wenyewe umevimba kwa sindano. Akaongeza kwamba shemeji yake anaendesha lori la Tanga, kama nina salamu. Sina salamu! Sina!

Alhamisi, 7 Agosti

Shangazi amepiga simu. Shemeji wa Changawa hununua vitumbua kwake kila asubuhi! Likoni nzima ina watu wangapi, na mimi nikaenda kuazima begi kwa huyu! Shangazi kashasikia kila kitu. Godoro kashalianika, nyumba kumi na moja kashaziarifu, na wazee wananingoja niamue kesi ya shamba.

Ulimi ukaenda wenyewe. Nikamwambia safari imevunjika, naumwa. Akauliza naumwa nini. Nikasema mguu, siwezi hata kukanyaga. Akaomba dua ndefu, nami nikaitikia amina kwa sauti ya mgonjwa. Nilipokata simu nilijipongeza. Yeye anajua niko kitandani, kumbe mimi niko Amboni na miwani ya jua!

Mishi hakunipongeza. Alisema nimwambie Shangazi ukweli tu, kwamba tunataka kwenda kutembea, mume na mke, basi. Nikamwambia hamjui Shangazi. Akauliza, je, tukikutana naye huko? Nikamuuliza ni nani aliyewahi kukutana na shangazi yake pangoni. Hakucheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Yuko hapa!

Niko juu ya stuli nateremsha begi kutoka juu ya kabati, nasikia hodi, sauti ileile. Shangazi Mwanasaumu, na mumewe Mzee Ismail, na jogoo. Kikapu kabebewa na Changawa, meno yote nje. Nilijitupa kitandani nikaumia kiuno. Kiuno kinauma kweli, wallahi, na hakuna wa kumwambia.

Nimesuguliwa mafuta ya nyonyo mpaka gotini, nimefungwa majani ya moto, nimenyweshwa shubiri. Shubiri, kwa mguu! Shangazi akauliza ni mguu upi. Nikasema wa kushoto. Changawa, bila kuulizwa na mtu, akasema jana aliniona nikichechemea wa kulia. Jana sikuchechemea kabisa! Mwongo mkubwa yule.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo ndiyo siku yenyewe. Sasa hivi tungekuwa mpakani. Badala yake niko kitandani nanuka nyonyo, na Mzee Ismail kanikalia miguuni, anakunywa kahawa yangu.

Asubuhi Shangazi alimtazama Mishi, akasema mtoto wa watu kachakaa kwa kuuguza, hebu alipumzika lini mara ya mwisho? Mishi akalia. Nikadhani anaigiza, nikamsifu moyoni. Hakuwa anaigiza. Akasema hajapumzika tangu aolewe, na kwamba kitu kimoja tu alichokitaka ni kuyaona mapango ya Amboni. Shangazi akajipiga paja. Kakaa Tanga miaka arubaini, na hata yeye hajayaona! Akakata shauri papo hapo: anaondoka na Mishi kwa basi la mchana. Mzee Ismail atabaki na mguu.

Nikaruka. Nikasema nimepona! Shangazi akamshukuru Mungu, akasema dawa hiyo lazima itimize siku saba, ukiikatiza maradhi hurudi na hasira. Nikafungua mdomo niseme kweli yote. Nikauona uso wa Shangazi, nikafikiria atakavyolia akijua nilitaka kumpita mlangoni kimyakimya. Nikamtazama Mishi. Alikuwa kasimama mlangoni, ushungi mkononi, ananingoja niseme.

Nikaguna, nikasema mguu umeanza tena.

Mishi akaenda kulijaza begi.

Jumatano, 13 Agosti

Mishi amepiga simu kutoka Amboni. Sijamsikia akicheka hivyo miaka mingi, na hasira zinanitafuna. Eti ndani kuna popo, kuna giza, kuna njia za kutambaa, na Shangazi kakwama mahali, Mishi na mwongoza watalii wakamvuta. Picha imeingia: Shangazi mbele ya pango, kavaa miwani yangu ya jua. Na wanalala wapi? Hotelini! Chumba changu! Roshani yangu! Shangazi kasema maisha yake yote alikuwa akingoja mtu amlaze hotelini.

Kisha Mishi akasema, polepole, kwamba Shangazi anajua. Alimwambia yote ndani ya basi, na Shangazi akacheka kutoka Msambweni mpaka mpakani. Akaagiza Mzee Ismail asiambiwe kitu, mguu umalize siku zake saba. Mishi akasema ningefungua mdomo Jumatatu, leo tungekuwa watatu pangoni. Akasema aliendelea kuningoja mpaka basi likaanza kwenda. Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata. Macho yamekuwa yakiniwasha tangu hapo. Ni hii nyonyo.

Nimefikiri sana na nimeliona kosa. Kosa ni mguu. Mguu haumtishi mtu, huita wauguzi tu. Desemba nampeleka Mishi Unguja, na safari hii ni kweli kabisa. Lakini khalati yake, dada wa mamake, anakaa kulekule, kwa hivyo maradhi yawe ya kuambukiza. Surua! Tena niianze mapema, izoeleke. Nimeshamtumia khalati ujumbe kwamba vipele vimeanza kutoka.

Amejibu sasa hivi. Nisiwe na wasiwasi, yeye aliugua surua utotoni, haimshiki tena, anapanda boti kesho.

Natafuta maradhi mengine.