Hati ya Kondoo wa Uru

Respicius aliposikia kwamba Mama Chelagat amenunua chupa ya maji ya Yordani kwa dola mia mbili, alisikitika kweli. Alisikitika kwamba si yeye aliyemuuzia. Mama mwenye mgahawa mzima Silver Spring, kando ya Washington, na imani kubwa namna ile, aachiwe watu wa maji!

Na shida alikuwa nayo. Bintiye alikuwa anaolewa Bukoba Jumamosi, na kwao wote walijua baba ni mtaalamu wa mambo ya kale huko Washington. Utaalamu wenyewe ulikuwa wa kupokea makoti mlangoni pa jumba la makumbusho, lakini masikio alikuwa nayo, na waongoza wageni walisema kwa sauti. Tiketi yake ya ndege ilishikiliwa na Kamande, wakala wa safari, mpaka Jumanne saa kumi na moja jioni. Asipoilipia, bibi harusi angeingizwa kanisani na mjomba.

Basi akatwaa udongo wa mfinyanzi, akaukandika juu ya kipande cha sabuni ya mche upate uzito, akauchoma alama kwa kijiti cha kulia cha Wachina, akauanika dirishani siku tatu. Mungu amsamehe, ulipendeza.

Akampigia Mama Chelagat simu, akamtajia bei, na Jumanne mchana akaupeleka mgahawani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Profesa. Leta hiyo kitu nione."

"Inatoka Uru wa Wakaldayo, kwao Ibrahimu," akasema Respicius kwa sauti ya msibani. "Wasumeri wa pale waliandika kila kitu kwenye udongo. Hii ni hati ya kondoo wa mzee Tera, babake Ibrahimu."

Mama Chelagat akafuta miwani. "Si nivunje nione ndani?"

"Usithubutu, mama. Hii ya nje ni bahasha. Hati imo ndani. Wale watu hawakuvunja bahasha mpaka pawe na ubishi, tena mbele ya mashahidi. Miaka elfu nne hakuna aliyebisha."

"Na mimi ni nani nibishe?" Akainusa polepole. "Inanukia vizuri."

"Ubani wa hekaluni," akajibu Respicius bila kupepesa macho.

Mama Chelagat akaingia ofisini, akakaa humo kitambo, akatoka na bahasha nene ya kaki iliyofungwa kwa gundi na utepe. Akamkabidhi kwa mikono miwili. "Elfu mbili na mia tano, vile ulisema. Hii nitaidisplay hapo kwa kaunta."

Sasa, Respicius ametapeli watu miaka kumi, lakini kwao alilelewa. Mtu wa adabu hafungui bahasha mbele ya mama aliyempa, kana kwamba anamshuku. Akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaondoka.

Saa kumi na moja kasorobo akaitupa mezani kwa Kamande. "Hesabu mwenyewe."

Kamande akaikata kwa mkasi. Zikatoka menyu za mgahawa, zimekatwa vizuri sawa na noti, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Akaisoma kwa sauti:

"Profesa, huo ubani wa hekaluni ndio tulifulia yunifomu Kericho. Ukiona bahasha yangu ina shida, kuja na mashahidi. Tutavunja zote mbili."

"Wizi huu," akasema Kamande, akichukua koti. "Twende. Shahidi ni mimi."

Respicius hakuinuka. Alitazama saa ya ukutani mpaka ikagonga kumi na moja, Kamande akakiachia kile kiti cha ndege. Ndipo akatoa simu, akamwandikia shemeji yake Bukoba, mjomba wa bibi harusi, akamuuliza kama ile suti ya Krismasi bado inamtosha.