Kirusi, Firigisi na Tundu la Uzio

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mimi Ndaki nina miaka themanini na moja. Nimezishinda njaa tatu. Nimezika wenyeviti wa kijiji wanne. Nimetoka hai katika duara, shimo la dhahabu lililoporomoka Geita tukichimba. Daktari aliyenikataza chumvi tulimsindikiza makaburini mwaka juzi. Chumvi bado nakula.

Kuandika nilijifunza ukubwani. Kosa likionekana, ni la kalamu.

Habari kubwa. Mjukuu wangu Aneth anachumbiwa! Wakwe wanatoka Chato, watafika Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Mwanangu Charles, baba yake Aneth, kapiga simu toka machimboni. Kasema wageni wapokelewe kwa mwenye kuku wa kutosha: ama kwangu, ama kwa mdogo wangu Maige. Ni jirani yangu, tumetengwa na uzio wa minyaa. Anayepokea ndiye anakaa kiti cha mbele, ndiye anasema, ndiye anakula firigisi.

Maige kaniuliza, kaka, wako si ugonjwa wa mdondo uliwafagia wote mwaka jana? Nikamjibu mwaka jana ni mwaka jana.

Firigisi ni yangu.

Jumanne, 4 Juni

Nelly, bwana mifugo wetu ambaye ni binti, katuita pale mashine ya kusaga. Kachora ukutani kwa chaki kitu cha mviringo chenye miiba. Kasema hiki ndicho kirusi cha mdondo. Nje koti, ndani uzi wa maagizo. Basi. Hakili, hakipumui, hakina tumbo. Peke yake hakizai hata kimoja.

Nikasimama. Nikasema kitu kisichokula hakiwezi kumuua jogoo wangu anayekula. Waliopiga makofi walikuwepo.

Nelly kaendelea. Mwili wa kuku umejengwa kwa vijumba visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli. Miiba ya kirusi inashika mlango wa seli, mlango unadanganyika. Koti linabaki mlangoni, maagizo yanaingia. Seli inayasoma ikidhani ni ya kwake! Inaacha kazi za kuku, inafyatua virusi tu. Vinatoka, vinasaka seli nyingine, mpaka kuku anapinda shingo.

Nilielewa kabla ya wote. Nikawaambia ni kama mtu kusagia mawe yake ya dhahabu kwenye karasha la mwenzie. Mashine ya mwingine, mafuta ya mwingine, dhahabu yako. Nelly kasema, hapo hapo, babu. Maige akanuna.

Kesho chanjo, matone ya jichoni. Kichupa kimehifadhiwa kwenye friji ya Maige. Yaani kuku wangu wakapige magoti kwa Maige! Yaya, hapana. Sitaki.

Jumatano, 5 Juni

Kijiji kizima kimepanga foleni kwa Maige, isipokuwa mimi na jirani mmoja, Magesa. Mke wangu Nyamizi kauliza kama wakwe watakula ubishi wangu kwa ugali.

Nimemkuta Nelly njiani. Nikamuuliza kichupani mna nini. Kasema mna kirusi pia, ila kipole. Kinazaana ndani ya kuku bila kumuua, mwili unaikariri sura yake, siku adui akija anajulikana. Kinaweza hata kumtoka kuku huyu kikamwingia aliyelala naye. Halafu akaongeza jambo kuhusu kutotegemea bahati. Nilikuwa nimeshaondoka.

Naam! Kirusi hakina jiko, kinapikia kwa mwenzie. Na mimi hivyo hivyo. Nimetoboa tundu kwenye minyaa, nikamwaga pumba za mpunga upande wa pili. Kuku wangu watalala banda la Maige, watakula mtama wa Maige, watachukua chanjo ya Maige. Kupokea wageni, mimi.

Utomvu wa mnyaa umeniingia jicho la kushoto. Kwa hiyo aliyepata matone ya jicho hapa kwetu ni mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Mdondo umeingia. Kwa Magesa hakubaki hata kifaranga. Wangu wazima wote, wananenepa kwa Maige! Maige hajashtuka, anadhani banda lake lina baraka. Kaniuliza jicho limefanya nini. Nikasema namlilia mjukuu.

Alhamisi, 20 Juni

Siku ya kuwarudisha. Nimemwaga pumba upande wangu. Wamekuja. Wamekula. Jua lilipoanza kushuka wakapita tundu mmoja mmoja, wakarudi kwa Maige. Nikaziba tundu. Wakaruka juu! Jogoo wangu Jemadari kanitazama kama anatazama mgeni. Nyamizi anasema kwetu walilala jikoni kwenye moshi, kule wana vichanja. Sikumuuliza.

Nikaenda kudai. Maige kauliza alama yao. Nikasema nawajua kwa sura. Akasema, basi kaka, waite, watakaokufuata ni wako. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Akanifuata mmoja.

Alikuwa wa Maige.

Jumamosi, 22 Juni

Wageni wamepokelewa kwa Maige. Theonest, msemaji wa wakwe, kasema kuku watamu namna hii hajala tangu azaliwe. Jemadari nilimtambua kwa paja.

Ikaletwa firigisi. Maige akaitazama. Akanitazama mimi. Nikajua damu ni damu, nikanyoosha mkono.

Akaila.

Wakati wa kuaga, Maige kanipa zawadi ya mgeni: kuku hai, kafungwa miguu. Tetea wangu mwekundu! Nikampokea kwa mikono miwili na kushukuru, watu walikuwa wanaangalia.

Jumapili, 23 Juni

Nimetafakari. Kosa ni la kuku.

Ushindi ni wangu. Mdondo umepita, wangu hakufa hata mmoja, bila tone. Wameliwa, hilo ni jambo lingine. Nelly kasema ilikuwa bahati tu, nimpeleke tetea achanjwe. Yaya.

Wiki ijayo Nelly anachanja mbuzi wa Maige, chanjo ya sotoka. Mimi nina mbuzi watatu. Leo nimelizibua lile tundu na kulipanua. Utomvu sasa umeingia jicho la kulia, kwa hiyo hapa naandika kwa kukisia.

Asiyeamini, ninao mashahidi. Wa kwanza ni Nyamizi, anasema asihusishwe. Wa pili ni yule tetea mwekundu. Nilimfungua kamba asubuhi. Ukimtaka, yuko kwa Maige.