Kibao Nilichokikwangua Jina

Jumanne, 10 Desemba 2013. Soko la Custom, Juba

Kimefika! Kompyuta nzima juu ya kibao kidogo kama karata. Mimi Lubega, fundi simu, sasa ni mhandisi. Muuguzi Lilly wa zahanati moja ya mtaa wa Malakia ana friji ya mafuta ya taa yenye chanjo za watoto. Utambi ukizimika, hajui. Kibao changu kitapima joto na kupiga king'ora. Aibu moja tu: waliokibuni wameanika michoro yote mtandaoni, bure, kila mtu achukue. Watu wa ajabu! Mimi sitasema.

Alhamisi, 12 Desemba

Namukasa, fundi wa kibanda cha pili, ana macho ya husuda. Kauliza kibao ni cha nani. Nikamwambia nimekibuni mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama nimesoma michoro. Michoro ya kazi gani? Alipoondoka nikachukua kisu, nikalikwangua jina la kibao, herufi moja moja. Ushahidi umekwisha.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimekifunga zahanati. Taa ya kibao ilikuwa inawaka na kuzima ovyo. Nikasema ndivyo inavyopumua. Lilly akaniombea mbele ya wagonjwa, akamshukuru Mungu kwa kuiletea nchi changa watu kama mimi. Nikatoa hotuba.

Jumanne, 17 Desemba

Risasi tangu juzi, wanajeshi wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Mizinga. Nimejibanza nyuma ya magunia, nimekula biskuti nne. Namukasa kapita akiinama, kaniachia maji. Sikumshukuru.

Jumatano, 18 Desemba

Kumetulia kidogo. Tumekwenda Malakia, mimi na Namukasa. Utambi ulizimika Jumapili. Lilly amelala siku mbili sakafuni, nyumba ya pili, hatua kumi tu, akisubiri king'ora. Kimya. Matone ya polio yote yameharibika.

Namukasa akatandaza michoro ya kibao aliyoitoa mtandaoni kitambo. Akanionyesha kwa kidole tu: kisu changu kilikata uzi wa shaba mwembamba kama unywele, chini ya jina. Akaulehemu kwa dakika kumi. King'ora kikalia juu ya chanjo zilizokufa.

Akaingia mama mmoja, Nyibol, mtoto mgongoni, anakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa. Akauliza kama matone yapo.

“Malesh, pole, mama,” Lilly akamwambia. “Hakuna.”

Nyibol akamfunga mtoto upya, akaenda. Lilly hakunigombeza. Bora angenipiga. Nilitaka kusema ni mimi. Nikasema ni joto.

Ijumaa, 20 Desemba. Nimule

Nimefika mpakani juu ya lori, katikati ya Waganda wenzangu na magodoro yao. Namukasa amekataa kuja. Anasema Lilly atahitaji fundi. Nimelia njia nzima, nikaapa mbele ya Mungu: uongo basi.

Foleni haisogei. Afisa anauliza kama kuna mtu anajua redio za upepo, hizi za mawasiliano, yake imekufa. Nimeshanyoosha mkono. Nimemwambia aina hiyo niliibuni mimi.