Yahusu Kuguswa Kwangu Katika Makumbusho ya Watoto

Kwa Mkurugenzi wa Makumbusho ya Watoto,
Jengo lililo kati ya benki na duka la viatu,
Katikati ya jiji.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta salama, umeketi mahali pako pa kawaida, na hakuna mtu anayekubonyeza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa lugha. Sina desturi ya kulalamika. Nilipokuwa kazini nililalamikiwa mara nyingi kuliko nilivyolalamika. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimekwisha kuzaa, nikapata na mjukuu, na habari yenyewe inamhusu yeye.

Mjukuu wangu ana miaka saba. Nyumbani tunamwita Jaji, kwa kuwa hukumu zake hazikatiwi rufaa. Jumamosi ni siku yetu sisi wawili: mama yake, ambaye ni binti yangu, huenda kazini, nasi huenda tunakotaka. Tangu Jumamosi iliyopita, tulipotembelea makumbusho yako, Jaji amenuna. Nikipiga simu, mama yake hujibu kwamba Jaji yuko kwenye kikao. Na Jumamosi hii, ametangaza, hatakwenda popote na mimi. Atabaki kwa jirani kumsaidia kupanga sahani kabatini. Ndugu Mkurugenzi, mtoto anayechagua sahani akamwacha babu yake ameumizwa. Nakuandikia ili ulitengeneze jambo hili kabla siku haijafika.

Kwanza nieleze kidogo, maana jambo lisiloelezwa huzaa jingine. Taasisi yako inaitwa Makumbusho ya Watoto. Makumbusho ya reli huonyesha reli. Makumbusho ya mavazi huonyesha mavazi. Kwa mantiki hiyo nilijua tunakwenda kuona watoto nyuma ya kioo, na tukiwa ndani ya lifti nilimwonya Jaji asigonge kioo hicho, wasije wakaamka. Alinitazama kwa huruma. "Babu, watoto ni sisi," akasema. "Na humu tunashika."

Niliingia mikono nikiwa nimeifunga nyuma ya mgongo, kama anavyoingia makumbusho mtu aliyelelewa. Nakiri kwamba niliyoyaona ni mazuri. Ipo meza ya maji ambapo watoto hujenga mabwawa na kuyabomoa kwa furaha ileile. Lipo gari la zimamoto lililokatwa katikati kama mkate. Kipo kiunzi cha mifupa kinachoendesha baiskeli, tena kwa afya kunishinda. Jaji alizama kwenye mabwawa. Magoti yangu yakaniomba ruhusa. Nikaona kiti cha mbao pembeni, kati ya redio kubwa ya zamani na simu ile ya kuzungusha namba kwa kidole. Nikaketi. Koti langu ni la rangi ya kahawia. Redio nayo ni ya kahawia. Hapo ndipo yalipoanza haya yafuatayo.

1. Bango. Juu ya kiti hicho, mahali ambapo aliyeketi hawezi kupaona, pana bango lenye herufi nyekundu: TAFADHALI GUSA. Sasa, kugusa ni kitenzi elekezi. Kinadai yambwa, yaani kitu kitakachopokea tendo. Huwezi kusema "nimegusa" ukanyamaza. Msikilizaji atauliza umegusa nini. Bango lako limenyamaza. Mtoto wa kwanza kulisoma alitafuta yambwa mwenyewe. Akatazama redio, akatazama simu, akanitazama mimi. Nilikuwa karibu zaidi.

2. Vifungo. Watoto wanaoingia kwako hufundishwa tangu mlangoni kwamba kila kilicho cha duara hubonyezwa, na kikibonyezwa hutokea jambo: taa huwaka, ng'ombe hulia, maji huruka. Koti langu lina vifungo vikubwa vya duara. Mtoto mwenye viatu vya kumetameta alibonyeza cha juu. Kwa bahati mbaya, wakati huohuo nilikohoa.

"Kinakohoa!" akapaza sauti. "Njooni, hiki kinakohoa!"

Wakaja, hata wale wa mapovu ya sabuni, na mapovu yao. Wakabonyeza kwa zamu. Nilikusudia kutokohoa ili waelewe kwamba hapakuwa na uhusiano wowote kati ya kifungo na kifua, na nilikuwa nimeanza hata kuwaeleza tofauti ya sababu na sadfa. Lakini mtoto mdogo mmoja alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilikohoa. Tangu hapo nikawa nakohoa kwa kila aliyefika, mpaka koo likawa msasa.

3. Ngeli. Hili ndilo lililonichoma kuliko yote. Niliitwa kizee. Sina ugomvi na neno hilo. Uzee ninao, sikuuazima. Ugomvi wangu ni upatanisho. Nilisikia kwa masikio yangu: "Kizee hiki kinapumua." Nikasikia tena: "Kizee hiki kina nywele puani." Kila aliyepita mikononi mwangu anajua kwamba jina linaloanza na ki-, likiwa la kiumbe mwenye uhai, hufuata upatanisho wa watu: kijana huyu anaimba, kipofu huyu anasoma. Wewe mwenyewe, Ndugu Mkurugenzi, ni kiongozi. Utajisikiaje asubuhi wafanyakazi wako wakinong'onezana, "Kiongozi hiki kimefika, tena leo kimenuna"?

Niliwasahihisha kwa upole. Nikawaambia waseme "huyu anapumua." Walipiga makofi. "Kinafundisha sarufi!" wakaitana, na foleni ikarefuka hadi kwenye gari la zimamoto. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuona watu wamepanga foleni kungojea sarufi. Hilo sililalamikii, nalitaja tu.

4. Matunzo. Mashine yako ya mapovu ilipochoka iliwekewa kibao: NAPUMZIKA, RUDINI BAADAYE. Kiunzi cha mifupa kimezungushiwa kamba. Mimi sikuwekewa kibao wala kamba. Nilipoacha kukohoa ili nimeze mate, mtoto mmoja alikimbia kushtaki kwa mhudumu wako mwenye fulana ya njano kwamba kile cha kwenye kiti kimeharibika. Mhudumu alikuwa ameinama anafuta maji ya mabwawa. Alijibu bila kugeuka: "Kipigepige kidogo ubavuni, kitashika tu." Nadhani alidhani ni redio. Ubavu wangu haukupata nafasi ya kudhani.

5. Wazazi. Baba mmoja aliyekuja kuwachukua wanawe alinikaribia, akainama, akatafuta ukutani maelezo yangu asiyaone. Kisha akamwambia mkewe, "Siku hizi wanatengeneza vizuri. Hata harufu ya dawa ya kuchua wameiweka."

6. Foleni. Hapa nakuomba usome polepole. Jaji alimaliza mabwawa yake, akaja akichuruzika maji hadi viwikoni, akanikuta nina foleni. Alipita pembeni moja kwa moja, kama mtu anayeingia kwao. Wakamzuia.

"We! Panga mstari!"

"Huyu ni babu yangu," akasema Jaji. (Zingatia upatanisho. Huyo nimemfundisha mimi.)

"Hata sisi ni babu yetu," wakamjibu.

Damu ni nzito kuliko maji, hilo nililijua. Sikujua kwamba kwako foleni ni nzito kuliko damu. Nilifungua mdomo nimtetee mjukuu wangu, niseme kwamba huyu ndiye mwenyewe, apishwe. Wakati huohuo mtoto wa mbele akanibonyeza, nami, kwa mazoea mabaya niliyokwisha kuyapata, nikakohoa. Jaji alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo hata na mkaguzi wa shule. Kisha akaenda nyuma kabisa ya mstari, akasimama, akawa anasogea kidogo kidogo kama wengine. Mbele yake alipobaki mtoto mmoja tu, kengele ya kufunga ikalia, mhudumu akawasha taa zote, na sote tukatolewa nje, wenye babu na wasio na babu.

Fikiri, Ndugu Mkurugenzi: mtoto kupanga foleni ili amguse babu yake wa kumzaa mama, na zamu yake isifike!

7. Hukumu. Njiani Jaji alitangulia mbele. Kwenye lifti ya kwao alibonyeza vitufe vya ghorofa zote, hata zile ambazo hatuna mtu tunayemjua, tukawa tunafunguliwa na kufungiwa mlango kimyakimya. Mlangoni aliniachia sentensi moja: "Babu, wewe nenda na wenzako." Mpaka leo sijui wenzangu ni akina nani. Redio?

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo, na naomba kwa heshima, maana heshima si utumwa. Bango liongezewe yambwa, lisomeke: TAFADHALI GUSA REDIO NA SIMU, BASI. Kiti kiondolewe, kikatwekatwe, kigeuzwe kuni. Kipaza sauti kiwatangazie watoto wote asubuhi na mchana kwamba babu si kifaa, na kwamba babu aliyekuwapo Jumamosi iliyopita si "babu yetu" bali ni babu wa Jaji peke yake.

Ofisi yako ikiona maombi hayo ni mazito, sitaki nionekane mkaidi. Iko njia nyingine ya haki: nikubaliwe rasmi kuwa kifaa. Lakini hapo nipewe stahili zote za vifaa. Niwekewe kamba. Niwekewe kibao cha kupumzika. Nipanguswe vumbi kwa kitambaa laini, si kwa ufagio. Niwe na fundi wa koo. Niwe na kibandiko kinachoeleza nilikotengenezwa na kwamba vipuri vyangu havipatikani tena. Na kwa kuwa kifaa cha kuazimwa huandikwa jina la mwenyewe, kibandiko hicho kimalizike kwa maneno KWA HISANI YA JAJI, herufi zisipungue ukubwa wa zile za bango. Mwenye mali hapangi foleni kuitazama mali yake. Isipokuwa benki, hapo jirani yako, na hao nitawaandikia kwa wakati wao.

Naamini umenielewa. Kama kuna mahali sijaeleza vya kutosha, niko tayari kuja kueleza.

Nisalimie mhudumu wa fulana ya njano, mwambie ubavu unaendelea vizuri. Nisalimie mlinzi wa mlangoni, fundi wa mapovu, na yule mwendesha baiskeli asiyechoka. Mtoto mwenye viatu vya kumetameta akija tena, naye mpe salamu. Ana kipaji cha uchunguzi. Binti yangu anakusalimu. Jirani mwenye sahani anakusalimu. Jaji hamsalimii mtu kwa sasa.

Nabaki wako katika sarufi na subira,

Mwalimu mstaafu,
Babu (huyu, si hiki).

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua nilimpelekea Jaji aisome, ili ajue babu yake anampigania. Aliisoma yote kwa sauti, akisimama kwenye kila nukta, kisha akasema nimeandika mambo mengi na lenyewe nimelikosa. Kuambiwa apange mstari hakukumuudhi. Anasema mstari ulikuwa wa haki, na wale watoto walikuwa sawa. Kilichomuudhi ni kwamba zamu yake ilikuwa imekaribia kabisa, kengele ikalia, nami nikasimama nikavaa kofia kana kwamba nimemaliza kazi. Nilimuuliza kwa nini ahangaike na foleni kunigusa mimi, ambaye ananigusa kila Jumamosi akitaka. Akanijibu, "Babu, nyumbani huwa hufanyi kazi."

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, tafadhali usibadilishe chochote. Kiti kibaki palepale. Bango libaki bila yambwa. Nimefikiri tena na kuona kwamba sentensi fupi nayo ina uzuri wake. Kipaza sauti kisitangaze neno. Jaji amekwisha kumwambia jirani apange sahani zake mwenyewe, na amealika watoto wa ghorofa nzima waje Jumamosi ili mstari uwe mrefu wa kutosha. Nilidhani atataka kuwa wa kwanza. Amekataa. Atasimama wa mwisho, kwa sababu wa mwisho, anasema, hana mtu nyuma yake wa kumsukuma, na anaweza kukaa na babu mpaka achoke mwenyewe.

Ninaloomba sasa ni moja tu: hiyo kengele, kama kuna mtu mwenye huruma ofisini kwako, ichelewe kidogo.